Saratani ya Mlango wa Uzazi: Hata Sisi Wavulana Yatuhusu

Kila mwaka kurasa za jarida hili hujaa maoni kuhusu dawa za kulevya, migomo shuleni, karo na makanga wanaotukimbia sisi wanafunzi wa shule za kutwa wakiona sare zetu. Ni maoni mazuri wala siyapingi. Lakini kuna jambo ambalo sijaliona humu hata siku moja, nalo linatuondolea mama zetu, shangazi zetu na dada zetu kimya kimya, kama mchwa alavyo nguzo ya nyumba. Jambo lenyewe ni saratani ya mlango wa uzazi.

Naona wengine wenu mmeshaanza kugeuka nyuma kuangalia kama kuna mwalimu. Msigeuke. Mimi ni mvulana wa kidato cha tatu, umri wangu ni miaka 16, nami nasema bila kuuma maneno: ugonjwa huu watuhusu sote, wake kwa waume, na silaha yake kubwa kupita zote ni aibu yetu sisi wenyewe. Njia ya kuuzuia ipo. Njia ya kuugundua mapema ipo. Wasiopatikana ni watu walio tayari kuutaja kwa jina lake. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Wavulana wenzangu huniuliza, "Kwani wewe mambo ya akina mama yanakuhusu nini?" Ni swali la haki, nami nitalijibu. Ila kwanza tumjue adui, maana huwezi kuziba ufa usioujua ulipo.

Mlango wa uzazi ni ile sehemu nyembamba iliyo chini ya tumbo la uzazi, ambapo mtoto hupitia anapozaliwa. Sote tulio darasani tulipitia hapo, isipokuwa wale waliotolewa kwa upasuaji. Kwa hivyo sioni ni kwa nini mtu aone haya kupataja mahali alipopitia kuja duniani. Hapa nchini Kenya, kati ya saratani zote, hii ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wanawake zaidi ya 5,200 walipatikana nayo katika mwaka mmoja, na zaidi ya 3,200 walifariki. Hebu gawanyeni kwa siku 365. Mtapata karibu wanawake tisa kila siku. Kwa siku mbili tu matatu ya abiria 14 imejaa pomoni na wengine wamebaki stejini. Duniani kote, mwaka 2022, walikufa wanawake wapatao 350,000, na zaidi ya tisa kwa kila kumi walikuwa wa nchi zenye mapato ya chini na ya kati kama yetu. Je, wanawake wa nchi tajiri wamefinyangwa kwa udongo mwingine? La hasha! Wao huchanjwa na kupimwa mapema, basi.

Saratani nyingi chanzo chake ni kitendawili, lakini hii chanzo chake kinajulikana. Karibu visa vyote huletwa na virusi viitwavyo papiloma, ambavyo madaktari huviita kwa ufupi HPV. Aina zake ni zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa. Kuna zile zinazoleta chunjua mikononi, na hizo sote tumeziona. Lakini zipo aina kama 14 hivi zilizo hatari, na mbili kati yake, yaani namba 16 na namba 18, ndizo zinazoleta kama visa saba kwa kila visa kumi vya saratani hii.

Vinafanyaje kazi? Mwalimu wetu wa Bayolojia alitufundisha kuwa mwili umejengwa kwa seli, na kwamba seli hugawanyika kwa mpango. Ndani ya kila seli mna kitu kama breki, cha kuizuia isigawanyike ovyo, na mna kitu kama mlinzi, cha kuikagua. Seli ikiharibika, mlinzi huisimamisha irekebishwe, na ikishindikana huiamuru ife. Sasa virusi hivi huingia kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, vikafika katika seli za chini kabisa za ngozi laini ya mlango wa uzazi. Virusi havina kiwanda chao wenyewe cha kuzaliana, bali hutumia kiwanda cha seli. Kwa hiyo hutaka seli iendelee na kazi hata wakati ambapo ingepaswa kupumzika. Kwa ujanja huo vina protini mbili, ziitwazo E6 na E7. E7 huing'oa breki. E6 humwangamiza mlinzi. Fikirieni matatu inayoteremka mlima bila breki, na askari wa trafiki wote wameondolewa barabarani. Huenda isianguke papo hapo, lakini kila kona inayopita hatari inazidi.

Hata hivyo tusitishane bure. Kwa kila watu kumi wanaoambukizwa, kama tisa hivi miili yao huvishinda virusi katika muda wa miaka miwili, tena bila wenyewe kujua. Shida iko kwa yule mmoja. Kwake virusi hukaa. Wakati mwingine chembe za urithi za virusi hukatika na kujipachika ndani ya chembe za urithi za seli, na katika kukatika huko hupotea ile sehemu iliyokuwa ikizituliza E6 na E7. Hapo protini hizo hutengenezwa bila kipimo, makosa yanarundikana ndani ya seli, na seli zinaanza kubadilika sura. Safari hiyo hadi kufikia saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hapati matibabu yaweza kuwa miaka 5 hadi 10, kwa sababu kinga yake imedhoofika.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu moja tu. Miaka 15 ni mingi. Mwizi anayechukua miaka 15 kuvunja mlango, akigonga nyundo kila usiku, akifanikiwa hatimaye kuingia tumlaumu nani? Mimi simlaumu mwenye nyumba aliyelala. Naona lawama ni yetu sisi majirani tuliosikia nyundo tukanyamaza kwa kuona haya kupiga kelele.

Na aibu yenyewe hutoka wapi? Virusi hivi huenezwa kwa kukutana kimwili, hata kwa kugusana tu ngozi za sehemu za siri. Mtu akisikia hivyo hukimbilia kusema, "Aha, kumbe ni ugonjwa wa wahuni!" Hapo ndipo watu wanapopotea njia. Virusi hivi vimeenea kiasi kwamba karibu kila mtu anayeingia katika maisha ya ndoa au ya mapenzi hukutana navyo wakati fulani. Mwanamke aliyeolewa akiwa bikira, asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe, aweza kuvipata kutoka kwa mume huyo huyo, na mume naye huenda alivipata miaka mingi kabla hawajaonana. Hata mipira ya kondomu, ijapokuwa inapunguza hatari, haikingi kabisa, kwa kuwa haifuniki ngozi yote.

Mwaka 1842 daktari Mwitaliano aliyeitwa Rigoni-Stern alizichunguza rekodi za vifo vya mji wa Verona. Aliona kuwa saratani ya tumbo la uzazi ilikuwa adimu kwa watawa, na ya kawaida kwa wanawake walioolewa. Someni tena hapo: walioolewa. Wake za watu, mama wa watoto, waliofunga ndoa kanisani. Ilipita zaidi ya karne nzima kabla ya Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake kuipata aina ya 16 ya virusi vya papiloma ndani ya saratani hiyo mwaka 1983, na aina ya 18 mwaka 1984. Wataalamu wengi wa wakati huo walikuwa wakishuku virusi vingine kabisa. Yeye alishikilia neno lake, na mwaka 2008 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Au mchukueni Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano. Saratani hii ilimuua mwezi wa Oktoba mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, akiwa na miaka 31 tu. Madaktari walichukua seli za uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, na seli hizo hazikufa. Hukuzwa katika maabara duniani kote hadi leo, na zilitumika hata katika kuijaribu chanjo ya polio. Wanasayansi walipokuja kuzichunguza baadaye, walikuta ndani yake aina ya 18 ya virusi vya papiloma. Nani atathubutu kumwita mama huyo mhuni? Yeye aliye kaburini ameisaidia dunia kuliko wengi wetu tulio hai.

Sitaki mdhani kuwa naongea mambo ya Verona na Baltimore tu. Shangazi yangu, dada wa baba yangu mzazi, alifariki mwaka juzi. Alikuwa akiuza mboga na maparachichi sokoni hapa Thika, na hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyepita kibandani kwake akatoka mikono mitupu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akitokwa na damu siku zisizo zake na mgongo ukimuuma. Alimwambia mama yangu peke yake, tena kwa kunong'ona, akamwapisha asimwambie mtu. Aliogopa watu wa soko watasema nini, na akina mama wa kanisa watamtazama vipi. Alipokubali kwenda hospitalini maji yalikuwa yamezidi unga, ugonjwa umesambaa. Siku ya mazishi ratiba iliandikwa "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Watu wengine waliambiwa ni tumbo, wengine wakaambiwa ni vidonda vya tumbo. Mpaka leo jina la ugonjwa huo halijatamkwa sebuleni kwetu. Nilimwomba mama ruhusa ya kuandika haya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Andika, mwanangu."

Mwaweza kusema, hiyo ni siri ya familia, ina ubaya gani? Ubaya wake ni huu. Nina mdogo wangu wa kike aliye Gredi ya Tisa, ana miaka 14. Shuleni kwao waligawiwa karatasi za wazazi kutia sahihi ili wasichana wapewe chanjo ya virusi hivi, ambayo serikali huitoa bure kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14. Mdogo wangu anatimiza miaka 15 mwezi wa Agosti. Baada ya hapo mpango huo wa bure utakuwa umempita, na hospitali za watu binafsi si za mfuko wa seremala. Karatasi yake imekaa chini ya redio muhula mzima bila sahihi. Baba amesikia kwa wenzake kwamba eti sindano hiyo hufunga kizazi, na kwamba huwafundisha watoto uhuni.

Baba yangu ni mtu mwema, wala siandiki haya kumvunjia heshima. Ni yeye huyo seremala, anayeamka saa kumi alfajiri ili tusifukuzwe shule kwa ajili ya karo. Alimpenda dada yake mno, na siku tuliyomzika alilia mbele ya watu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nizaliwe. Lakini kwa kuwa ugonjwa haukutajwa kwa jina, hajapata kujua kuwa kilichomwondoa dada yake na kilichoandikwa kwenye ile karatasi iliyo chini ya redio ni kitu kimoja. Sasa mmeuona ubaya wa siri? Humzika mmoja, kisha hungojea mwingine.

Turudi basi kwa lile swali la wavulana wenzangu. Mambo haya yanatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, wanaume ndio wanaovibeba virusi hivi na kuwapelekea wake zao, mara nyingi bila dalili yoyote. Mtu waweza kuwa mzima kama kigogo na bado umevibeba. Pili, virusi hivi hivi huweza kuwaletea wanaume saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa. Kwa hivyo tusidhani tuko ng'ambo salama ya mto. Tatu, na hii ndiyo kubwa, katika jamii yetu mwanamume ndiye mwenye sahihi. Ndiye anayeombwa nauli ya kwenda hospitali. Ndiye anayeuliza, "Unaenda kupimwa nini na huumwi?" Sisi tunaochekea mambo haya nyuma ya darasa leo ndio tutakaokuwa wenye sahihi kesho. Tukikua na ujinga huu tutawazika wake zetu nao, jameni.

Wacha sasa nijibu yale yanayosemwa mitaani dhidi ya chanjo, maana hayajibiwi kwa matusi.

Husemwa kuwa inafundisha uhuni, kwani mtoto wa miaka kumi ana haja gani nayo? Jibu ni kwamba huchanjwa mapema kwa sababu mambo ya kikubwa hajayaanza. Chanjo huzuia virusi visiingie, lakini haifukuzi vilivyokwisha kuingia. Mwenye akili huezeka nyumba kabla ya masika. Mbona hatusemi kuwa chanjo ya pepopunda inawafundisha watoto kukanyaga misumari?

Husemwa kuwa inafunga kizazi. Ndani ya chanjo hii hamna virusi hai wala vilivyokufa. Mna maganda matupu ya protini yaliyofanana na virusi kwa sura tu, yasiyo na chembe za urithi ndani yake. Mwili huyatazama maganda hayo ukaijua sura ya adui, ili siku adui mwenyewe akija amkute askari yuko macho. Chanjo ilianza kuidhinishwa mwaka 2006, na tangu hapo mamilioni ya wasichana wamechanjwa, wala uchunguzi haukuonyesha kuwa inamnyima mtu watoto. Kinachonyima watoto ni saratani yenyewe, kwa kuwa mara nyingi tiba yake ni kuliondoa tumbo la uzazi.

Husemwa pia kuwa Waafrika tunafanyiwa majaribio. Australia ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2007, na wavulana mwaka 2013. Huko Scotland, uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 haukumpata hata mwanamke mmoja mwenye saratani hii iliyosambaa kati ya wale waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Hata mmoja! Majirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011, wakawa wa kwanza Afrika kuifanya chanjo hii kuwa ya taifa zima, na katika mwaka huo wa kwanza waliwafikia zaidi ya wasichana tisa kwa kila kumi waliolengwa. Sisi Kenya tulianza Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alipoizindua huko Mombasa.

Tena, ikiwa ni utafiti, mmoja uliobadilisha mambo duniani ulifanywa kwetu, na wanasayansi wa kwetu walikuwa mstari wa mbele, akiwemo Daktari Nelly Mugo wa KEMRI. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijitolea kwa hiari yao katika miji ya Kisumu, Nairobi na hapa hapa Thika. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: dozi moja tu ilikinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina ya 16 na ya 18 katika miezi 18 ya mwanzo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa dozi moja yaweza kutosha kwa msichana, ingawa wenye kinga dhaifu huhitaji zaidi. Dada zetu wa Thika wameifundisha dunia, nasi hapa Thika tunaiacha karatasi chini ya redio. Ama kweli, penye miti hapana wajenzi.

Kuna hoja moja ambayo mimi mwenyewe naiunga mkono: mbona wavulana hatuchanjwi? Najua mlango wa uzazi ni wa wasichana, na penye uhaba huanza aliye hatarini zaidi. Lakini ningeomba serikali yetu ifikirie siku moja kufanya kama Australia. Mzigo wa kinga usiwe wa msichana peke yake, wakati mzigo wa virusi ni wetu sote.

Mama zetu nao wasiachwe nyuma, kwa sababu chanjo haiwafai waliokwisha kuambukizwa, wala haikingi aina zote. Wao dawa yao ni kupimwa, na kupima kwenyewe si jambo la kutisha. Katika vituo vingi vya afya muuguzi hupaka siki nyepesi, ndugu wa hii tunayotia kwenye chipsi, na baada ya dakika moja hivi seli zilizoanza kubadilika huonekana nyeupe. Seli hizo zaweza kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na safari ya miaka 15 ikakatizwa njiani. Mwanamke wa miaka 25 hadi 49 asingoje kuumwa ndipo aende, kwani mwanzoni ugonjwa huu hauna maumivu wala dalili. Mwenye virusi vya UKIMWI afanye hima zaidi, kwa maana hatari yake ni mara sita. Na mwanamke yeyote anayetokwa na damu kati ya siku zake, baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asinong'one. Aende hospitali.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kuwa ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 kwa kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 kwa kila 100 wawe wamepimwa, na wagonjwa 90 kwa kila 100 wawe wanatibiwa. Mwaka 2030 hauko mbali.

Napendekeza mambo matatu tunayoyaweza sisi wenyewe bila kungoja pesa za mtu. Kwanza, Siku ya Wazazi mwaka huu, kabla ya ngoma na mashairi, muuguzi wa kituo cha afya cha karibu apewe dakika kumi na tano azungumze na wazazi, akina baba wakiwemo. Pili, kila mmoja wetu aende nyumbani aulize swali moja tu: je, dada yetu aliye kati ya miaka 10 na 14 amechanjwa? Sisi wa shule za kutwa tuna bahati, kwa kuwa jioni tuko nyumbani, na swali laweza kuulizwa leo leo. Tatu, na hili ni la Chama chetu cha Kiswahili hasa, tuongee jambo hili kwa lugha inayoeleweka. Nimeona watu wakilikimbilia jina la Kiingereza, ingawa Kiswahili kina jina lake, ili wajifiche nyuma ya lugha ambayo nyanya haielewi. Mlango wa uzazi. Saratani. Chanjo. Kupimwa. Haya si matusi. Ni maneno safi ya lugha yetu, na yakitamkwa sebuleni bila kunong'ona yataokoa watu wengi.

Najua jarida hili hupelekwa nyumbani, na baba husoma kila kitu chenye jina la mwanawe. Baba, naomba uisome makala hii hadi mwisho, kisha umwulize mama juu ya shangazi. Yule mliyeitana naye "mtoto wa mama" hakuuawa na vidonda vya tumbo. Karatasi iko palepale, chini ya redio, na kalamu nimeiweka juu yake.

Nanyi wenzangu, wavulana kwa wasichana, msingoje mpaka mtu wenu aandikwe kwenye ratiba ya mazishi ndipo mjue jina la ugonjwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na tahadhari ni kabla ya hatari.